Mtamba wa farasi apandishwe lini: miaka 2, miaka 3, au asubiri?

Mtamba wa miezi 14 amesimama kando ya uzio. Mkia kaupeleka pembeni, miguu ya nyuma kaitanua, anatoa mkojo matone matone huku uke ukifumba na kufumbua. Upande wa pili dume anapita akikoroma. Mwenye farasi anatupa jicho moja na kutoa hukumu: huyu kashaiva, msimu huu tunampandisha.

Kashaiva kwa maana moja tu. Ovari zimeamka, yai linatoka, na akipandwa leo anaweza kushika mimba. Mitamba wengi wa farasi hubalehe kati ya miezi 12 na 18, na wachache waliolishwa vizuri hutangulia. Joto lenyewe, yaani hali ya kutaka dume, halisemi neno juu ya nyonga zake, mgongo wake, wala kama atakuwa na maziwa ya kutosha. Hayo ndiyo ya kupima, na kila umri una jibu lake. Nitaanza na majike, maana hapo ndipo watu wanapokosea kwa haraka. Madume wana hesabu nyingine kabisa, nitawafikia.

Miaka 2 ya nani?

Kabla ya kulinganisha chochote, hesabu miezi, achana na miaka. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred wote huongezewa mwaka siku moja: Januari 1 kaskazini mwa ikweta, Julai 1 au Agosti 1 kusini kutegemea nchi. Aliyezaliwa kaskazini mwishoni mwa Mei huitwa wa mwaka mmoja akiwa na miezi 7 tu, na "miaka 2" yake inaanza akiwa na miezi 19. Msimu wa kupandisha unapofunguliwa Februari, yeye ana miezi 20 na ushee, na mwenzake aliyezaliwa katikati ya Januari ana miezi 25. Kwenye karatasi ni marika. Ukiwasimamisha bega kwa bega utadhani ni dada mkubwa na mdogo wake.

Kama karatasi hakuna, fungua mdomo. Meno mawili ya katikati ya mbele hubadilika kwenye miaka 2 na nusu, yanayofuata pembeni kwenye 3 na nusu, na ya mwisho kwenye 4 na nusu. Mtamba ambaye bado ana meno yote madogo ya utotoni hajafika hata hiyo miaka 2 na nusu, muuzaji aseme atakavyo.

Halafu fanya hesabu hii. Mimba ya farasi huchukua takriban siku 340, sawa na miezi 11, na mtoto nimemwekea miezi 6 ya kunyonya:

| Anapandishwa akiwa na | Anazaa akiwa na | Anaachisha akiwa na |
|---|---|---|
| miezi 20 | miezi 31 | miezi 37 |
| miezi 24 | miezi 35 | miezi 41 |
| miezi 36 | miezi 47 | miezi 53 |
| miezi 48 | miezi 59 | miezi 65 |

Watu hubishana juu ya safu ya kwanza. Mimi natazama hizo mbili za kulia. Miezi ya mwanzo ya mimba ni mepesi, mtamba anaendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzigo unakuja mwishoni: zaidi ya nusu ya uzito wa mtoto huongezeka katika miezi mitatu ya mwisho. Kisha maziwa. Jike anayenyonyesha hutoa kwa siku maziwa yanayofikia asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake, na mahitaji yake ya nguvu karibu yanafika mara mbili ya farasi aliyepumzika. Kwa hiyo swali langu kwa mwenye mtamba ni hili: huyu atakuwa na mwili gani siku atakapokuwa anatoa lita kumi na zaidi za maziwa?

Kumpandisha akiwa na miaka 2

Wanaochagua njia hii hawakosi sababu. Mtamba kaumia mguu, hatapandwa na mtu wala kukimbia, na kumlisha miaka miwili mingine akiwa bure ni gharama. Au nasaba yake inatakiwa sana na mwenyewe anataka vizazi viende upesi. Mimba inashika? Mara nyingi inashika, ingawa msimu wa kwanza wa joto huwa na vurugu: mzunguko unaotakiwa kuwa wa siku 21 unarefuka au unafupika, joto linalotakiwa kukaa siku 5 hadi 7 linakokotwa, na yai lisitoke lilipotarajiwa.

Tatizo ni kwamba hajamaliza kujijenga. Farasi wa mwili mwepesi akiwa na miezi 12 ana takriban asilimia 90 ya kimo chake cha ukubwani lakini uzito wake ni kama theluthi mbili tu. Akifika miezi 24 kimo kimebaki kidogo sana. Uzito bado unadai. Hapa jicho linadanganya, kwa sababu tunapima kwa kimo. Mifupa nayo ina ratiba yake: sehemu laini ya kukulia iliyo juu ya goti la mguu wa mbele hufunga kati ya miezi 24 na 30, na zile za uti wa mgongo huchelewa hadi mwaka wa tano au kuupita. Farasi wa aina kubwa, wale wa kuvuta mizigo, huchelewa zaidi.

Waliotoka kwenye ng'ombe huniuliza kwanza kuhusu kukwama wakati wa kuzaa. Ni hofu ya haki kwa mtamba wa ng'ombe, ila kwa farasi jambo limekaa kwa namna nyingine. Mwaka 1938 Arthur Walton na John Hammond wa Cambridge walitoa matokeo ya kuchanganya Shire, farasi wakubwa kuliko karibu wote, na Shetland, ambao ni vijifarasi. Mtoto aliyebebwa na mama Shire alizaliwa na uzito wa kama mara tatu ya yule aliyebebwa na mama Shetland, ingawa damu yao ilikuwa nusu kwa nusu pande zote mbili. Tumbo la mama ndilo linaloamua. Basi mtamba mdogo hazai jitu. Anazaa mtoto aliyebanwa. Hata kwa majike waliokomaa, mtoto wa kwanza kwa kawaida ni mdogo kuliko wadogo zake watakaofuata, na maziwa ya uzao wa kwanza ni pungufu. Mwongezee hapo mama ambaye mwenyewe bado anaidai hori protini, kalisi na fosforasi za mifupa yake. Mtoto anapata kidogo, mama anabakia na kidogo zaidi.

Je, nimewahi kukubali? Ndiyo, kwa mtamba aliyetimiza miezi 24 ya kweli, mwenye kimo kinachokaribia cha mama yake, anayelishwa peke yake bila wakubwa kumfukuza horini, na kwa ahadi kwamba mwaka unaofuata anaachwa bila mimba. Hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kila mara. Joto la kwanza baada ya kuzaa huja upesi, siku ya 7 hadi ya 10 hivi, dume yupo, na mtu anajiambia kwamba jike anaonekana mzima tu.

Kuhusu "anaonekana mzima": acha macho, tumia kiganja. Kipitishe ubavuni bila kubonyeza. Mbavu unazisikia mara moja kama vidole chini ya shuka jembamba, lakini ukirudi nyuma hatua mbili huzioni? Hapo pazuri. Kipimo cha unene cha Henneke cha mwaka 1983, kinachotumika karibu kila mahali, huanzia 1 hadi 9, na jike wa kuzalisha anatakiwa awe 5 na nusu hadi 7. Mtamba mwenye manyoya marefu anaweza kuonekana wa 6 na kumbe kiganja kinakuta 4.

Kuna njia ya pembeni: uhawilishaji wa kiinitete. Mtamba wa miaka 2 anapandishwa, kiinitete kinaoshwa kutoka tumboni siku ya 7 au 8, kinapandikizwa kwa jike mwingine aliyekomaa, naye anabeba na kunyonyesha. Damu ni ya mtamba, kazi ni ya shangazi. Kwa mwenye haraka ya vizazi hili linaushinda kabisa mpango wa kumbebesha mtoto mtoto mwingine. Ni ghali, linahitaji mtaalamu, na kwa Thoroughbred halina maana kwa sababu vitabu vyao vya nasaba haviandikishi mtoto wa uhimilishaji (mbegu kuwekwa na mtu) wala wa kiinitete cha kuhamishwa. Ni dume kumpanda jike tu.

Miaka 3

Nikilazimishwa kumchagulia mtu bila kumwona mtamba wake, nitasema hapa. Anazaa akikaribia miaka 4, anaachisha akiwa na miezi 53, na sehemu kubwa ya mwili imeshatulia. Mzunguko wake nao umeshika adabu, hivyo daktari wa mifugo akipima kwa ultrasaundi anaweza kukuambia siku ya kumpeleka kwa dume bila kubahatisha sana: yai hutoka saa 24 hadi 48 kabla ya joto kuisha.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Mwaka wa nne ndio mwaka ambao ungemzuia kazi nzito hata kama hana mimba, kwa sababu uti wa mgongo bado. Ukimfundisha hatamu na tandiko taratibu akiwa na miaka 3, ukampandisha, ukaendelea naye kwa kazi nyepesi hadi katikati ya mimba, kisha akazaa na kuachisha, anarudi kwenye mafunzo akiwa na miaka 4 na nusu na hujapoteza kitu cha maana. Ujerumani, kwa farasi wa michezo, majike wengi huingizwa kwenye kitabu cha nasaba na kupimwa umbo na mwendo wakiwa na miaka 3, na wengi hupandishwa mwaka huohuo kabla ya kwenda kwenye mashindano.

Hasara yake ni kwamba unazalisha kitu ambacho hujakijaribu. Una nasaba, una umbo, una mwendo wa malishoni. Hujui kama atatulia uwanjani, hujui kama miguu yake itastahimili miaka mitano ya kazi. Eksirei ya viungo inapunguza giza kidogo, hasa kwa vipande vya mfupa vinavyojitokeza viungoni kwa farasi wachanga. Vipimo vya damu au vya nywele kwa kasoro za kurithi vinapunguza zaidi. Kwa farasi wa Kiarabu, SCID, ambapo mtoto huzaliwa bila kinga na hufa akiwa mdogo. Kwa farasi wa michezo wa Ulaya, WFFS, ambapo ngozi na viungo havishikani. Mbebaji wa kasoro hizi ni mzima kabisa, humjui kwa macho. Ukimkutanisha na mbebaji mwenzake, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Nikiwa bado kwenye uzao wa kwanza, jambo dogo linalosahaulika: kiwele. Mtamba asiyezoea kuguswa huko atapiga teke kitu cha kwanza kitakachogusa, na kitu hicho ni pua ya mtoto wake. Wiki kadhaa kabla hajazaa, chukua kitambaa cha uvuguvugu, simama karibu na bega, teremsha mkono polepole kutoka mgongoni, tumboni, hadi katikati ya miguu ya nyuma. Siku ya kwanza atakaza mkia na kuinua mguu. Ya tano atapumua. Mtoto anatakiwa apate dang'a, maziwa ya kwanza yenye kinga, ndani ya saa chache za mwanzo, maana utumbo wake unaacha kupitisha kinga hiyo akifikisha siku moja. Muda wa kumfundisha mama adabu usiku ule hakuna. Mama wa miaka 2 hukataa, wa miaka 6 naye hukataa. Umri hausaidii sana hapa, mazoea ndiyo yanasaidia.

Miaka 4, 5 na kuendelea

Hapa unanunua ushahidi. Jike kafanya kazi, miguu imeonekana, tabia imeonekana, na mwili hauna tena deni. Zenyatta, jike wa mbio wa Marekani aliyezaliwa 2004, alikimbia mara 20 hadi mwisho wa 2010 na kushinda 19, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa Machi 2012, mama akikaribia kutimiza miaka 8. Hakuna aliyehitaji kukisia kama jike yule anafaa kuzaa.

Ila majike waliotoka moja kwa moja kwenye mbio au mashindano huhitaji muda. Wamekaza misuli, hawana akiba ya mafuta, na wengi hawaingii joto vizuri mpaka wakae malishoni miezi kadhaa. Ukimleta mwezi wa kwanza wa msimu na kutaka mimba mwezi uleule, utalipia safari nyingi za daktari.

Na kusubiri kuna mwisho wake. Nimeona watu wakisema "mwaka ujao, mwaka ujao" mpaka jike ana miaka 14 hajazaa hata mara moja, wakidhani kwamba tumbo lisilotumika halichakai. Linachakaa. Ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi huzeeka hata bila mimba, mlango wa kizazi wa jike mkubwa asiyewahi kuzaa mara nyingi hukataa kulegea wakati wa joto, na majimaji yanayotakiwa kutoka baada ya kupandwa yanabaki ndani na kuleta uvimbe. Baada ya miaka 15 uwezo wa kushika mimba unateremka kwa majike wengi. Kati ya kumpandisha akiwa na miaka 3 na kungoja hadi 13, mimi nachukua 3 bila kufikiri mara mbili. Kati ya 3 na 5, inategemea unamtaka wa kazi gani: kama tandiko ndilo la kwanza na watoto ni baadaye, 5. Kama alinunuliwa kwa ajili ya uzazi, kungoja hadi 5 hakumwongezei kitu mwilini.

Dume ni hesabu nyingine

Jike anazaa mtoto mmoja kwa mwaka. Dume mmoja anaweza kuacha makumi kwa msimu, na kwa uhimilishaji mamia. Kwa jike tunangoja mwili. Kwa dume mwili unawahi mno, tunachongoja ni sababu ya kumwacha na korodani zake.

Impressive, dume wa aina ya Quarter Horse aliyezaliwa 1969, alikuwa na umbo lililopendwa mno na akaacha kizazi kikubwa. Ndani yake mlikuwa na HYPP, kasoro ya misuli inayoleta mitetemo na wakati mwingine farasi kuanguka ghafla, na inatosha kurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja tu. Leo kipimo kipo. Kupima dume wa miaka 2 ni nywele chache zenye mizizi.

Kwa mwili, dume mdogo anaweza kumpa jike mimba akiwa na miezi 15, wengine mapema kuliko hapo. Hata hivyo uzalishaji wa mbegu huendelea kupanda hadi miaka 4 au 5. Ndiyo maana wafugaji wengi humpa wa miaka 2 majike wasiozidi kumi hivi, wa miaka 3 ishirini au thelathini, na aliyekomaa arobaini na zaidi. Daktari atapima pia korodani: zote mbili ziwe zimeshuka, na upana wao kwa pamoja usiwe chini ya sentimita 8. Moja ikibaki tumboni, mjadala wa umri umekwisha, anahasiwa. Na kama aliwahi kupata homa kali, usimhukumu kwa mbegu za wiki ileile. Mbegu huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa, hivyo pima tena baada ya hapo.

Lililo gumu kwa dume wa miaka 2 ni kichwa. Hajui kazi. Akipewa mara ya kwanza mtamba mwoga asiyesimama, akapigwa teke la kifua, anaweza kukaa msimu mzima akisitasita. Mwanzo wake uwe kwa jike mzee mtulivu aliye kwenye joto kamili, sakafu isiyoteleza, na mtu mmoja tu anayetoa amri.

Linganisha njia mbili zinazotumika. Kwenye mbio wanangoja rekodi: American Pharoah alishinda mataji matatu ya Marekani mwaka 2015 akiwa na miaka 3 na kuanza kupandisha 2016; Frankel, aliyezaliwa 2008, alimaliza mbio 14 bila kushindwa mwaka 2012 na kuanza mwaka uliofuata akiwa na miaka 5. Kwenye farasi wa michezo wa Ujerumani dume hukaguliwa akiwa na miaka 2 na nusu, na akipita bado anadaiwa kujithibitisha kwa vipimo vya kazi baadaye. Ya kwanza ina uhakika na inachelewa. Ya pili inawahi na inakubali kwamba baadhi ya waliopita wataondolewa. Kwa mfugaji wa farasi wachache sioni haja ya kuiga yoyote: mlee hadi miaka 3, mpime, na kama hujashawishika mhasi. Kama unasita kwa sababu ya nasaba, mbegu zinaweza kukusanywa na kugandishwa kwanza, akahasiwa, na uamuzi ukangoja rekodi yake ya kazi bila wewe kuishi na dume bandani.

Sasa nirudi kwa yule mtamba pale uzioni. Ana miezi 14. Hata msimu ujao bado ni mapema kwa macho yangu. Mwandikie tarehe ya miezi 36, mpime kwa kiganja kila mwezi, anza kumshika kiwele ungali na muda. Siku akipandishwa, daktari arudi siku ya 14 hadi 16 kwa ultrasaundi, maana farasi habebi pacha salama, na kiinitete cha pili kinaondolewa kirahisi wakati huo tu. Yeye hana haraka yoyote. Wa kuhamishwa leo, kabla giza halijaingia, ni yule dume mdogo wa mwaka mmoja anayelala naye malisho mamoja, maana naye anaweza kumpa mimba.